Fyekeo la Masalu

Bi Nyanzobe alitaka mawaridi.
Alistaafu ukaguzi wa tiketi za meli, akajenga Luchelele,
nyumba ya vyumba vitatu iliyobanwa na majabali
kama kitinda mimba kati ya kaka zake wanene.
Akaniita, akanionyesha kiwanja:
changarawe ya kina cha kiganja,
chini yake jiwe.
Nikamwambia, mama, hapa waridi litakulilia.
Hapa panataka nyasi.

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.
"Nyasi? Nimewalipa watu wazing'oe,
wewe nikulipe uzirudishe?"

Sikumjibu siku ile. Methali zetu
zimezipa nyasi kazi moja tu, kuumia
tembo wakigombana.
Hakuna aliyeuliza zilikuwa zikifanya nini
kabla tembo hawajafika.

Mimi nimezaliwa chini ya paa la nyasi, Igombe.
Mama alizikata kiangazi, akazifunga matita,
akajitwika, na ukimfuata nyuma
huoni mtu, unaona kichaka
kinatembea na kukohoa.
Kisha bati likaja. Mundu ukachomekwa dirishani
ukala kutu.
Mvua ikawa na kelele tusiyoijua
na mama akakesha vuli nzima, anasikiliza.

Basi nikaanza kwa ujanja.
Mchaichai mlangoni, maana hata mpinzani hunywa chai.
Nyuma, penye bomba linalovuja, mafunjo matatu
niliyoyatoa ziwani na matope yake, kwenye ndoo ya rangi.
Kati ya majabali nikatia zile za mkia wa paka.
Sikuzipanga mstari kama wanafunzi wa paredi;
tatu hapa, moja kule, tano pale jiwe linapoinama,
ndefu zikae mahali ambapo jua la saa kumi na moja
litazipitia mgongoni.
Anayepanda nyasi hapandi rangi.
Anaupa upepo mahali pa kuonekana.

Mwezi wa nne zilinifika kiunoni.
Bi Nyanzobe akatoa kiti sebuleni, akakiweka barazani,
hakusema kitu.
Halafu ujumbe kwenye simu, saa moja asubuhi:
"Leo mnana kumi na mmoja. Wanachana majani
wanakwenda kusuka. Wezi hawa."
Kesho yake: "Kumi na wanne."

Agosti akaenda Bugando kupasuliwa jicho.
Masalu, kijana wa getini, roho yake nyeupe,
akaona kiwanja kimekuwa pori, mama anarudi,
aibu gani hii,
akanoa fyekeo.

Nilipofika alikuwa anafagia.
Kifua mbele, anangoja asante.
Visiki tu, usawa wa kiganja,
njano kama brashi za kupakia chokaa,
na mbegu zimemng'ang'ania kwenye soksi.

Nilitaka kupiga kelele. Nikapiga magoti.
Nikazamisha kidole katikati ya kisiki:
ubaridi, unyevu, ncha za kijani
zimejipanga kama sindano ndani ya kitambaa.
Nikamkumbuka mama, kiangazi baada ya kiangazi,
kilima kilekile. Hakuwahi kupanda hata unyasi mmoja.
Alikata. Mwaka uliofuata zilikuwepo.

Kazi niliyokuwa naiogopa,
niliyokuwa naisogeza mbele wiki hadi wiki
kwa sababu zilikuwa nzuri mno,
Masalu ameifanya kwa kukosea.
Nikamwambia: umewahi kidogo. Basi.

Bi Nyanzobe akarudi, jicho moja limezibwa,
akakalia kiti chake,
akakitazama kiwanja kitupu kwa lile lililobaki.
Muda mrefu. Ng'ambo ya majabali
ziwa lilikuwa linapumua tu.
"Mnana?" akauliza.
"Novemba," nikasema. "Mvua ikitaka."

Akamgeukia Masalu.
Masalu akainama kwenye soksi zake,
akaanza kuchomoa mbegu, moja moja,
na kila aliyoichomoa
akaitia mfukoni.